Kabureta Ndani ya Valizi

Sakina mwanangu,

Kama umefanya nilivyokuomba, umefungua bahasha hii bisi ikiwa imekwisha kuipita Rumonge, ziwa liko mkono wako wa kuume na wauza ndizi wamebaki nyuma. Kama nakujua mi, umeifungua hata kabla taksi ya Deo haijakata kona ya soko. Haidhuru, soma tu. Na usishtuke ukikuta ndani ya valizi kitu kizito cha chuma chini ya viatu vyako, kimeviringishwa kwenye kanga kuukuu ya mama yako. Ni kabureta ya pikipiki yangu. Nimeiosha vizuri, haitanukisha nguo. Kwa nini iko mule nitakueleza, lakini inabidi nianze mbali, na we unajua mi nikianza mbali inakuwaje.

Naandika nikiwa garaji, nimefunga mlango mapema, kati ya magharibi na isha. Nasikia sauti zenu mpaka huku, we na mama yako mnagombania valizi, yeye anaongeza, we unatoa. Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kusali, ya kulala mapema, amekwisha kukwambia yote, mengine mara mbili mbili, kwa hiyo mi sitayagusa. Na hiki Kiswahili najaribu kukiandika cha shule, maana unakokwenda wanakijua kweli kweli na sitaki mtu akichungulia begani kwako akucheke. Nikichoka utaona mwenyewe mahali nilipochoka.

Wiki hii hatukusemezana vizuri. Ulipopata nafasi chuoni Dodoma mtaa mzima ulifurahi, na mi nilifurahi kupita wote, si uliona nilivyowanywesha soda mafundi wote mpaka wale nisiosemezana nao. Halafu ukaja na habari ya pili. Chuo hakijafunguliwa bado, na we unataka kutangulia, uitembee ile inchi peke yako, Kigoma, Tabora, Mwanza, ndipo uingie Dodoma. Kwa treni, kwa bisi, kwa meli, kwa chochote kinachotembea. Pale furaha yangu ikakatika. Mama mdogo wako wa Gihosha akasema upande ndege moja kwa moja, mambo yaishe. Mi nikafanya ninachojua kufanya. Nikampigia rafiki yangu anayeendesha lori la simenti, tukapanga akuchukue mpakani, akufikishe mpaka geti la chuo, akupige picha umesimama pale na valizi yako, anitumie. Nikakuletea habari hiyo nikicheka, kama mutu aliyeleta zawadi.

We ukanijibu papo hapo.

"Papa, mi si mzigo."

"Nani kasema we ni mzigo?"

"Mzigo ndio unabebwa hapa unawekwa pale. Hauoni njia, hauulizi mutu kitu. Mi nataka kwenda, sitaki kupelekwa."

Nilikasirika. Nikatoka bila kumaliza chai, nikaja hapa garaji nikafungua injini ya Hiace ya watu ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mama yako alinifuata, akasimama mlangoni akiwa na kile kikombe changu cha chai mkononi. Akaniuliza, "We unamuogopea yeye, ao unajiogopea we mwenyewe?" Nilijifanya natafuta ufunguo namba kumi na saba chini ya gari, na ulikuwa mkononi mwangu.

Tangu siku ile nalitafuta jibu lake. Nimelipata kwa kukumbuka safari zangu mwenyewe, na ndizo nataka kukusimulia, zile nilizoharibu, maana zile zilizokwenda vizuri sizikumbuki hata moja.

Unajua kwamba ujanani, mbele ya kumuoa mama yako, tajiri wangu wa garaji alikuwa ananituma kule kutafuta piyesi za magari. Vipuri, wenyewe wanavyosema. Nilikuwa kijana wa Buyenzi, mtaa wetu huu, nimekulia chini ya magari, injini ikikohoa mtaa wa pili nakwambia ni ya nani na amekataa kuitengeneza tangu lini. Kijana wa namna hiyo haulizi njia. Atamuuliza nani, na yeye ndiye anayejua kila kitu?

Basi niko Tabora, nimekwisha kununua piyesi zangu, nina tike ya treni ya kurudi Kigoma, na nilipolala ni mbali kidogo na stesheni. Nikatoka barabarani kungojea gari. Nikasimama upande wetu, huu huu tunaosimama hapa Bujumbura. Sakina, kule magari yanapita kushoto! Na nilikuwa najua. Nusu ya magari yanayopita mikononi mwangu yana usukani wa kuume kwa sababu yametengenezwa kwa barabara za namna ile. Kichwa kilijua vizuri sana, ila miguu ilitoka Buyenzi. Hiace ikaja, ikasimama mbele yangu, nikarukia ndani na piyesi zangu magotini, na badala ya kuuliza inakwenda wapi nikaanza kumueleza shoferi kwamba mkanda wa feni yake unalia, utakatika muda si mrefu.

Shoferi akanishukuru. Tukaenda. Nyumba zikapungua, nikaona mashamba ya tumbaku, nikajisemea moyoni, hawa watu stesheni yao wameiweka mbali. Mpaka gari likasimama mbele ya kibanda cha kuuzia asali, shoferi akazima injini, akageuka.

"Fundi, tumefika mwisho. Wewe ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Stesheni."

Wallahi walicheka mpaka mama mmoja akapaliwa na muwa. Tulipogeuza gari kurudi mjini, ule mkanda nao ukakatika, kama nilivyosema, na treni ikaondoka bila mimi. Na kule treni ya Kigoma haiji kila siku, ukiikosa unakaa. Yule shoferi, Masanja jina lake, akanichukua kwake. Mke wake aliniuliza swali moja tu, "Kwenu mnatembea upande wa kulia?" Nikasema ndiyo. "Poleni," akasema, akaniwekea viazi vikavu vya kuchemsha na asali.

Nilikaa kwao mpaka treni ingine. Nilimtengenezea Masanja gari lake, tukawa tunatoka wote asubuhi, nikaijua ile Tabora kona kwa kona, nikajua mtu gani anapanda wapi na anapeleka nini kwa nani. Safari zote nilizopata kufanya kule mbele ya hapo, nilikuwa nimeona maduka ya piyesi na ukuta wa nyumba ya kulala wageni. Niliporudi tajiri wangu alinisema vibaya, na haki yake. Lakini nikikumbuka ile inchi, nawakumbuka wale wawili mbele ya vyote.

Kwa hiyo kule ukitoka mlangoni, simama kwanza. Uliza gari ya unakokwenda inapita upande gani, hata kama unadhani unajua, hasa kama unadhani unajua. Na ukivuka barabara anza kuangalia kuume. Hilo usilichezee, miguu yako na yenyewe ni ya Buyenzi.

Kosa lingine nilifanya safari ya baadaye, njia ya kutoka Mwanza. Bisi ikafa katikati ya pori baada ya kuipita Shinyanga. Shoferi wao alikuwa anajua kazi yake, ila alikuwa anakwenda polepole, na mi sikuumbiwa kukaa ndani ya gari lililokufa. Hakuna aliyeniita. Nikavua viatu nikaviacha chini ya kiti, nikaingia chini ya bisi, nikampa kila mutu maoni yangu. Ilikuwa mpira wa mafuta unavuta hewa. Tukaufunga, injini ikawaka, watu wakapiga makofi, na mi nikajiona nimekuwa mkubwa. Nikaenda kunawa mikono kwenye dimbwi lililokuwa nyuma ya vichaka, ninawe taratibu, kama bwana arusi. Nikasikia bisi inaondoka. Nikadhani inajaribiwa. Haikuwa inajaribiwa.

Nikabaki barabarani pekupeku, oili mpaka kwenye viwiko, begi langu limekwenda, viatu vimekwenda. Nililaani, Sakina, matusi ambayo hata hapa garaji hujayasikia. Wezi hawa, wamenitumia halafu wakaniibia. Ikapita gari ndogo, zile zinazojaza watu mpaka mlango haufungi, wakanibana katikati yao bila kuniuliza kitu. Mama mmoja aliangalia miguu yangu, akatoa kandambili mpya kwenye kapu lake. Alikuwa anampelekea mume wake. "Atavaa zile za zamani," akasema, basi.

Tulipofika stendi ya Nzega, kitu cha kwanza nilichoona ni viatu vyangu. Vimening'inizwa kwa kamba zake kwenye dirisha la kukatia tike, na karatasi imeandikwa FUNDI. Begi langu liko ndani, nyuma ya meza. Kijana wa dirishani akaniambia, "Wewe ndiye fundi? Viatu vyako vimefika mbele yako. Konda anasema umwie radhi, alidhani umepanda." Na wakanipandisha bisi ingine iliyofuata, kiti cha mbele. Mi nilikuwa nimewalaani njia nzima, sasa matusi yangu yote yamekosa mutu wa kumpa. Tangu siku hiyo nikikasirika njiani najiambia ningoje mpaka stendi ya mbele. Nyumbani sifanyi hivyo, nakubali, mama yako ni shahidi.

Umeniomba nikwambie upande nini kule na mi badala ya kukujibu nikakuletea lori la simenti. Sasa nakujibu vizuri.

Kutoka Kigoma, panda treni, ile ya zamani. Kata tike ya daraja la pili la kulala, wanawake wanalala kwa wanawake, utapata mama wa kukuuliza kama umeolewa na utapata wa kukulindia kitanda ukienda kununua chakula. Inakwenda polepole, inasimama, inasimama tena, usiichukie kwa hilo. Pale Uvinza watakuletea chumvi dirishani, mbele huko watakuletea kuku, muwa, mpaka ufike Tabora kwenye asali. Mutu wa haraka anaona ni usumbufu. Mi nilikuwa wa haraka, nilizijua stesheni zile kwa kuzilalamikia. We shuka, nyoosha miguu, ila usiende mbali na behewa lako, unamjua mutu wa familia yako aliyeachwa na bisi.

Mabisi makubwa yanakwenda mbio na yanaondoka alfajiri na mapema, hayangoji mutu. Ukiwahi utapata kiti cha katikati, huko nyuma utarushwa mpaka uombe toba. Hizi gari ndogo za kujaza watu hazina saa, saa yake ni mutu wa mwisho, kwa hiyo ukiwa na miadi usizipande, na ukiwa hauna miadi panda, ndizo zenye maneno. Pikipiki za bodaboda ziko kila kona. Hapo nyamaza, usicheke, najua unacheka. Panda ukipenda, lakini uvae kofia hata akikwambia ni karibu tu, na akiendesha kama mwendawazimu mwambie asimame, ushuke. Si lazima uwe na adabu kwa mutu anayetaka kukuua. Bajaji ni afadhali, ukiwa na valizi. Na ukifika Mwanza, chukua meli uvuke kwenda visiwani walau mara moja. Mi sikuivuka. Niliiona imefunga gati, nikajisemea nina piyesi za kununua, nitaipanda safari ijayo, na safari ijayo haikuja kwa sababu niliacha kazi ile nikaoa. Sijuti kuoa, usimsomee mama yako vibaya. Najutia meli tu.

Na ndege mwachie mama mdogo wako. Mi nikitoka kuvuta magari yaliyozama Buterere wakati wa mvua naziona zinashuka chini chini juu ya mashamba ya mpunga, nzuri sana. Siku ukiwa na haraka ya kweli, ya ugonjwa ao ya mitihani, panda. Mwezi huu hauna haraka.

Halafu kuna ile treni mpya ya umeme, ya kutoka Dodoma kushuka pwani. Hiyo siijui. Nimeiona kwenye telefoni tu, haina moshi, haina kelele, sijui hata fundi wake anasikilizia wapi ugonjwa. Hapo mi sina la kukufundisha, we ndiye utaniambia.

Sasa nifike mahali nilipokuwa napazunguka.

Ulikuwa mdogo, ule mwaka wa fujo, unasoma Gihosha, mchana unapitia kwa mama mdogo wako. Siku moja milio ya risasi ikaanza, mabisi yakaacha kutembea, watu wakafunga maduka. Niliacha gari la watu juu ya jeki nikakimbia, kwa miguu, kutoka Buyenzi mpaka Gihosha, napanda kilima, nazunguka kila mahali palipofungwa. Getini kwa shule hakuna mutu. Kwa mama mdogo wako haupo. Nikateremka nikilia wazi wazi barabarani, mutu mzima, naangalia kila mutoto aliyevaa yunifomu. Nikaingia nyumbani nimwambie mama yako kwamba sikukupata.

Ulikuwa umekaa kwenye mkeka, unakula maharage. Ukaniangalia na kijiko mdomoni, ukaniuliza, "Papa, ulikuwa wapi?"

Kumbe ulishuka na wenzako wakubwa kwa njia za chini, walipofika kwao ukaendelea peke yako, ukawauliza wamama waliokuwa wanafunga meza zao za mboga, mmoja akakuonyesha mtaa, mwingine akakuvusha barabara. Ulikuwa haujalia hata kidogo. Ulikuwa na njaa tu.

Habari hii umenisikia naisimulia mara ngapi? Watu wote wa mtaa wanaijua. Wanajua fundi alivyokimbia mpaka Gihosha, wanajua jeki, wanajua kilima. Mi kila nikisimulia nasimulia mbio zangu. Maharage nayaruka. Maana nikiyataja, kila mutu ataona kwamba siku ile mutoto hakupotea, aliyepotea ni baba yake.

Na somo lilikuwa mbele yangu pale kwenye sahani. Nilipaswa kuona kwamba huyu mutoto anajua kuuliza, kitu ambacho mi nilihitaji kupelekwa kwenye mashamba ya tumbaku ndiyo nijifunze. Sikukiona. Nilijifunza kingine, kwamba nisikuache tena. Kesho yake ndiyo nilianza kukupeleka kwa pikipiki, na sikuacha. Shule, sokoni, arusini, kwa mwenzako Kigobe mkasomee mtihani, mi mlangoni nangoja, injini inawaka. Umefika umri wa kuolewa haujapanda bisi ya mujini peke yako. Halafu nashangaa kwamba unataka kuizunguka inchi nzima.

Siku ya matembezi ya shule, nayo niiseme, nisiiruke. Mlikwenda Rumonge na bisi ya shule, mlipangwa vizuri, walimu wapo. Mi nikafuata na pikipiki. Nilijificha nyuma ya lori, lori likakata kona, nikabaki wazi. Niliona wenzako wanakuja kwenye kioo cha nyuma, wananionyesha vidole, wanacheka. We ukaja ukaniangalia. Halafu ukageuka mbele, na haukugeuka tena mpaka Rumonge. Jioni nilikwambia nilikuwa na kazi kule, gari la mteja. Sikuwa na kazi Rumonge, Sakina. Unajua. Nataka tu usikie mi mwenyewe nasema.

Sasa sikiliza mpango wangu wa kesho ulivyokuwa. Unajua shida ya esansi, petroli wanavyosema kule, ilivyo, mutu anapanga foleni mpaka anazoeana na majirani wa foleni kama ndugu. Tangu ulipotaja safari, nilianza kujaza dumu, lile bidoni la njano, kidogo kidogo, nikalificha nyuma ya matairi. Nilikusudia kesho nikuage vizuri, nikubusu kichwani, nikwambie safari njema, halafu bisi yenu ikitoka, mi nyuma. Mpaka mpakani. Na pale mpakani sijui ningefanya nini, labda ningewaambia nimesahau kukupa kitu.

Mama yako alinusa. Akaja, akasogeza tairi, akaliona. Alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono huu wenye oili, akasema, "Utamfuata mpaka wapi, baba Sakina?"

Leo mchana nimelitoa bidoni, nimempa Deo. Taksi yake ilikuwa imelala foleni siku nyingi, na yeye ndani yake. Akaruka kwa mshangao. "Yampaye inka! Fundi, we ni mgonjwa?" Nikamwambia mi ni mzima, ila kesho alfajiri umchukue Sakina na mama yake, uwafikishe kwenye mabisi ya Kigoma. Akauliza, "Na we?" Nikamjibu mi nabaki mlangoni. Deo akaniangalia kama anangojea nimalize kufanya mzaha.

Nikarudi, nikakaa, na nikajijua. Esansi itapatikana, nitaomba kwa mutu chupa mbili tatu. Nikasema basi, nampa Sakina ufunguo wa pikipiki aende nao. Nikatafakari tena. Ufunguo! Mi fundi, nitaunganisha nyaya mbili pikipiki iwake kabla bisi haijajaza watu. Buji, yaani plagi, nikitoa, ninazo zingine kwenye debe. Ndiyo nikachukua bisibisi nikafungua kabureta. Hiyo unajua habari yake, tulivyoitafuta Buyenzi nzima ile ya zamani ilipokufa, mpaka Deo akasema nifunge ya mashine ya kusagia. Hakuna ingine mujini humu. Bila hiyo, pikipiki ni kiti tu.

Kwa hiyo iko kwako. Wakikuuliza mpakani, sema ni ya Papa, na ukitaka waambie ukweli wote, wacheke. Haina kazi yoyote safarini. Ukikuta kule duka lenye ya namna ile ile nzima, maana hii inavuja kidogo, nunua. Ila usiitafute kwa mbio, usiache kupanda meli kwa ajili ya piyesi. Mutu mmoja katika familia anatosha.

Mama yako aliniuliza namuogopea nani. Jibu ni kwamba najiogopea mwenyewe. Wewe njia utaiuliza, utaipata. Mi ndiye sijui nitafanya nini saa ambayo nimezoea kuwasha injini nikungoje mlangoni. Natumaini nitajifunza. Nitakwenda msikitini kwa miguu, nitakwenda sokoni kwa miguu, wamama watanicheka, nitawauliza hali zao. Labda nitaujua huu mji wangu kama nilivyoijua Tabora. Na kusema kweli kabisa, nikiifikiria ile treni inaondoka Kigoma na we dirishani, chini ya hofu yangu kuna kitu kinafurahi sana. Nakuonea wivu mwanangu. Wivu mzuri.

Piga simu ukipenda, si kila stesheni. Nikipiga mi mara nyingi, usipokee zote.

Na siku utakayorudi, usiniambie saa, usiniambie mpaka gani. Panda unachotaka, shuka unapotaka, ukisahau njia uliza wamama wa mboga. Mlango hatutauweka komeo. Utanikuta nimekaa kwenye mkeka, nakula maharage. Safari hii ni mi nitakayekuuliza ulikuwa wapi. Unisimulie yote, usiruke kitu.

Papa yako